Kitanda Kutoka Malinya

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika Malinya, mimi na mume wangu Onesmus, kutafuta kitanda cha watoto.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Tulikuwa tumepanga nyumba Amalemba, mjini Kakamega, na watoto wetu wawili walikuwa katika ule umri wa kuvunja kila kitu. Gentrix hajaanza shule. Sammy ndiyo kwanza amejua kukimbia. Kitanda chao cha kwanza kilikuwa cha mbao laini za saipras, kipya, kimepakwa vanishi mpaka kinang'aa. Hakikumaliza mwaka. Wadudu walikitoboa, kikawa kinamwaga unga kila asubuhi, na siku moja Sammy akarukaruka juu yake mguu ukakatika. Nikaapa sidanganywi tena na vanishi. Nilitaka mbao ngumu, miguu minene, pembe zisizoweza kumpasua mtoto paji la uso, na ubao wa ubavuni wa kumzuia Sammy asianguke usingizini.

Mafundi wa sokoni walikuwa navyo vitanda vya namna hiyo, ila bei zao zilitushinda. Ndipo jirani yangu Pascalia akaniambia amesikia kanisani kuna mwanamke wa Malinya anauza kitanda cha mtoto, cha mvule, kwa bei ya kutupa.

Anachotaka ni kiondoke tu.

Tulimkuta ameketi mlangoni, mikono mapajani, hafanyi kazi yoyote. Si mzee, si kijana. Alisema anaitwa Kageha. Nilishangaa kidogo, maana kwetu mwanamke wa umri ule hujitambulisha kwa mtoto wake, Mama fulani. Sikuuliza.

Kitanda kilikuwa chumba cha ndani. Nilipiga magoti nikakikagua. Nikakitikisa kwa nguvu zangu zote, hakikulia hata kidogo. Viungo vilikazwa kwa vigingi vya mbao, bila msumari. Ubao wa ubavuni ulikuwepo. Aliyekitengeneza alikuwa amekusudia mtoto alale humo mpaka aote ndevu.

Chumba kilinuka majani ya dawa yaliyochemshwa. Harufu ya zamani, iliyogoma kutoka.

Kageha hakuingia humo. Alisimama kizingitini, akaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Watoto wako wakiomba maji, unawapatianga?"

"Nawapa," nikamwambia.

"Uwape. Hata mtu akikukataza."

Onesmus alikuwa ameshashika upande wa kichwani. Tulikibeba hadi barabarani, pikapu ya mchanga ikatusaidia kukifikisha nyumbani. Nilipogeuka nilimwona Kageha bado amesimama uani, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

Siku za kwanza nilikuwa mtu wa furaha. Watoto waliruka juu ya kile kitanda walivyotaka. Kikawapokea kama jiwe.

Kisha ikaja jioni moja stima zilipopotea. Niliwalaza watoto mapema, nikawasha koroboi, nikawa nasonga obusuma, ugali wetu, jikoni. Nikasikia sauti chumbani kwao.

Tk... tk... tk...

Ilikuwa sauti ya ulimi mkavu ukibanduka kwenye kaakaa. Nilidhani ni Sammy anaota. Nikaenda na koroboi.

Sammy alikuwa amelala fofofo ukingoni. Gentrix alikuwa macho, amejibana ukutani kabisa, magoti kifuani.

"Mbona hulali?"

"Nimesogea," akasema.

"Umesogea kwa nini?"

"Namwachia Shikanga nafasi. Anataka maji."

Hapo kati hapakuwa na mtu. Lakini godoro lilikuwa limebonyea. Bonde dogo, refu kidogo kumzidi Sammy, na lile shuka lilikuwa likipanda na kushuka.

Polepole.

Kama pumzi ya mtu aliyechoka.

Na ile harufu ya majani ilikuwa imejaa chumbani mwangu.

Niliwabeba wote wawili kwa mkupuo mmoja, sijui nilipata wapi nguvu. Wakalala nasi. Onesmus hakunicheka. Alikaa kitandani kwetu akitazama mlango, baadaye akakiri kwangu kwamba yeye pia amekuwa akisikia mtoto akinong'ona maji alfajiri, anapojiandaa kwenda kazini, na alidhani ni Gentrix. Alikuwa akiacha kikombe kimejaa kando ya kitanda. Akirudi anakikuta kikavu.

Kuwahamisha watoto hakukusaidia. Sammy akashikwa na homa. Midomo yake ikapasuka kama udongo wa kiangazi, na hakuna maji yaliyomtosha. Alikunywa, akalia, akanywa tena, akalia. Mkojo hakuna. Jasho hakuna. Sikujua maji yale yalikuwa yanakwenda wapi. Tulimpeleka hospitali, wakampima malaria, wakampima kila walichoweza, wakatupa dawa na maneno ya upole. Macho yake yalizidi kuzama. Nikaanza kumwogopa mwanangu kwa vile alivyokuwa mwepesi mikononi.

Ndipo Pascalia akaja kunieleza jambo lingine. Alisema kuna mwanamke anasimamanga nje ya ua wetu kila giza linapoanza kuingia. Hapigi hodi. Anaitazama tu nyumba. Pascalia alimwita mrogi, na majirani wengine wakaanza kumwita hivyo.

Onesmus aliposikia alinoa panga, akaliegemeza nyuma ya mlango. Kisha akasema kesho atakipasua kile kitanda kiwe kuni, na yule mwanamke akirudi atamkuta yeye.

Mwanamke huyo alirudi jioni hiyohiyo. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilichungulia dirishani nikamwona, ameloa chapachapa, leso imemganda mwilini. Onesmus alichukua panga nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa na Sammy begani, na Sammy alikuwa ameacha hata kulia. Kilichonipitia kichwani sikijui mpaka leo. Nilimtangulia Onesmus, nikafungua mlango, nikaita kwenye mvua.

"Mama Shikanga."

Yule mwanamke alianguka kwa magoti matopeni.

Alikuwa Kageha. Tulimwingiza ndani, tukampa kanga kavu. Panga Onesmus aliliweka chini bila mtu kumwambia. Kageha aliniuliza nani amenifundisha lile jina, nami nikamwonyesha Gentrix, aliyekuwa amejificha nyuma ya kiti. Akamtazama kwa wivu ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu mzima.

Alitueleza kwa kifupi. Shikanga alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipata surua. Wazee wa boma walisema mtoto wa surua hapewi maji, atachemshiwa majani tu, na mama mkwe akaketi chumbani kuhakikisha. Shikanga aliomba maji usiku kucha. Kageha alikuwa amekaa karibu naye, mtungi umejaa nyuma ya mlango. Kulipokucha hakuwa akiomba tena.

"Nilikuwa nasikianga anaita kila siku," alisema. "Nikashindwa. Nikauza kitanda nipate usingizi. Sasa nyumba imenyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunaniua."

Kisha akaomba kikombe.

Nilimpa, na ndoo ya maji. Aliingia chumbani peke yake, akaketi kwenye ubao wa ubavuni, akainamia pale katikati, palipobonyea. Sikusikia yote aliyosema. Aliongea kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye kinyongo. Akamimina maji kwenye godoro, kidogokidogo, kama anayemnywesha mtu mgonjwa.

Nikiwa mlangoni, niliangalia sakafu chini ya kitanda.

Halikudondoka hata tone.

Akajaza tena. Akamimina. Ndoo ikaisha, Onesmus akaleta nyingine. Mle ndani tulikuwa tunasikia... mtoto akimeza. Akimeza kwa pupa, akivuta pumzi katikati, akimeza tena. Pascalia, aliyekuwa amekuja kutuombea, alikaa chini kwenye kona akajifunika uso.

Hapo nikahisi bega langu limelowa. Sammy alikuwa anatoka jasho. Jasho jingi, la moto, mpaka kwenye nywele. Akafungua macho, akaniangalia kama aliyetoka safari, akalala.

Asubuhi Onesmus alikodi mkokoteni wakakirudisha kile kitanda Malinya, Kageha akitembea pembeni, mkono mmoja juu ya ubao. Watoto wetu walilala chini kwenye mkeka kwa miezi mingi. Sikujali.

Krismasi ilipokaribia nilimpelekea sukari na unga. Sikumtambua. Alikuwa amekauka, ngozi imeshika mfupa, midomo imepasuka mpaka kwenye nyama. Lakini alitabasamu. Chumba cha ndani kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, na ndoo tupu zilipangwa ukutani. Shughuli yake tangu asubuhi mpaka giza ilikuwa kwenda chemchemi na kurudi.

"Sasa anakunywa," aliniambia.

"Na wewe, mama? Wewe unakunywa?"

Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama gome la mti.

"Nilikunywa usiku ule wa surua, yeye akiniangalia," alisema. "Zamu yangu nilishamaliza."

Nilimsihi aje akae kwetu hata wiki moja. Alicheka, akageukia chumba cha ndani, akaitikia mtu ambaye mimi sikumsikia.

Alifariki kiangazi kilipokaza, njiani kutoka chemchemi. Walimkuta kando ya njia, ndoo imesimama wima karibu naye, imejaa, haikumwagika. Nilienda kwenye mazishi. Wanawake walilia kwa sauti ndogo, na mama mkwe wake alikaa peke yake, hakuna aliyemsogelea.

Baada ya watu kula nilimtafuta shemeji yake, mtu mpole aitwaye Masinde, aliyekuwa akigawa vitu vya marehemu. Nilimwomba kile kitanda. Nilitaka kizikwe pamoja naye, au kichomwe, au kiwekwe mtoni, sikuwa nimeamua. Masinde alisema nimechelewa. Kilikuwa kimeuzwa kabla hata kaburi halijachimbwa, kuchangia jeneza. Watu wa Lugari walipita na lori la mahindi, wakakiona uani, wakakipenda.

Nikamuuliza jina lao. Hakulijua.

"Walikuwa na watoto?" nikauliza.

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyechanganywa na msiba.

"Mama," akasema, "kitanda cha mtoto kinanunuliwa na nani mwingine?"