Udongo Shinani mwa Mkwaju

Kila asubuhi Zablon alipika uji wa ukwaju, akaunywa peke yake. Zamani mkewe Elieth alikuwa akiuonja na kukunja uso. "Baba Seth, uji huu unang'oa meno!" Sasa Elieth alikuwa amefariki. Mtoto wao Seth alikuwa mbali, Mwanza. Uji ulikuwa mkali vilevile, lakini hakuna aliyelalamika. Upweke ulimuuma Zablon.

Alibakiwa na mkwaju nje ya nyumba yake ya tembe, yenye paa la udongo, kijijini Zuzu. Elieth aliupanda walipooana.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mashamba yalipimwa viwanja, na mwenye chochote mfukoni alianza kujenga. Kiwanja cha jirani kilichukuliwa na Wambura, karani wa mjini. Mkwaju ulisimama mpakani.

"Shikamoo, mzee," Wambura alisema. "Mti huu siukati. Watoto watapata kivuli."

"Marahaba. Asante sana, mwanangu," Zablon alijibu, na moyo wake ukatulia.

Mafundi walichimba msingi, udongo ukajaa pembeni. Zablon aliona asikae bure. Kila mwaka kabla ya mvua, yeye na Elieth walikuwa wakiongeza udongo juu ya paa la tembe na kuushindilia. Nyumba haikuvuja. Basi akauzungushia mkwaju udongo ule mpaka usawa wa kiuno, akaushindilia kwelikweli.

"Naona mti umevaa koti, mzee!" Wambura alimtania.

Wote wawili walifurahi. Maskini, wote wawili walikuwa wamekosea.

Mvua ziliponyesha, miti yote ya Zuzu ilichipua. Mkwaju uligeuka manjano, ukapukutisha majani. Zablon aliwaona mafundi wakimwaga maji ya saruji chini yake. Akaamini kwamba Wambura anauua mti wake. Akaacha kuitikia salamu zake. Hebu fikiria, mtu ana jirani mmoja tu, na huyo huyo ndiye anayemnunia! Siku zikawa ndefu. Alishika shina la mti wa Elieth, akalia.

Wambura ndiye aliyemleta Devota, afisa misitu. Devota aliegemeza baiskeli, akachutama, akafukua kwa vidole.

"Nani alirundika udongo huu?"

Zablon alianza kumnyooshea Wambura kidole. Kisha akaushusha mkono. "Ni mimi."

"Baba, mizizi inahitaji hewa. Mingi iko karibu na uso wa ardhi, nayo inaenea mbali kupita kivuli cha mti. Ukiifunika na kuishindilia, inakosa hewa. Na shina likizikwa, linaoza."

"Lakini paa la tembe tulilishindilia hivyo hivyo!"

"Paa halipumui, baba. Mti unapumua."

"Na mimi nimekosea wapi?" Wambura aliuliza, akimwonyesha msingi na mahali pa jiko.

"Umechimba msingi karibu mno, ukakata mizizi. Maji ya saruji nayo yanaidhuru. Mtu akipata kiwanja, kwanza anaichora miti iliyopo kwenye ramani. Ndipo anaitafutia nyumba nafasi. Jiko ulilopanga kujenga hapa, lihamishie upande wa pili."

"Mti utapona?" Zablon aliuliza.

"Siwezi kukuahidi. Tujaribu."

Zablon na Wambura waliondoa udongo taratibu, mpaka shina likaonekana kama zamani. Walizungusha uzio wa miiba nje kidogo ya mwisho wa kivuli. Ndani ya uzio hamkuingia lori wala tofali. Hakuna aliyechimba wala kuchanganya saruji humo. Jiko lilijengwa upande wa pili.

"Nisamehe," Zablon alisema. "Nilikudhania vibaya."

"Yameisha, mzee. Kesho nisalimie tu."

Matawi kadhaa yalikauka, Devota akayakata. Mengine yalibaki. Mvua za mwaka uliofuata zikaleta majani, kisha maua, na baadaye ukwaju ukaning'inia.

Zablon alipika uji, akapeleka bakuli nyumba ya pili. Cecilia, mke wa Wambura, alionja. Uso ukamkunjamana.

"Mzee! Uji gani huu? Unang'oa meno!"

Zablon alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

"Sema tena, mwanangu," alimwomba. "Sema tena."