Kompyuta ya Ularbek Inazimika

Katika mtaa wetu, pembezoni mwa Bishkek, majira ya baridi yana rangi moja tu. Ni kijivu. Kila nyumba inachoma makaa ya mawe. Moshi hautaki kupanda. Unakaa juu ya mapaa siku nzima. Ukianika shuka jeupe asubuhi, mchana unaanua shuka jeusi.

Nyumba ya Satar na mkewe Burulcha iko mwisho wa barabara. Satar alikuwa dereva wa lori mpaka kifua kilipomshinda. Sasa kazi yake ni kuleta makaa ndani na kutoa majivu nje. Binti yao Sirga, mwenye miaka ishirini na mmoja, ndiye anayeilisha nyumba. Anachora vipande vya nguo kwenye kompyuta: mkono wa shati, kola, mfuko. Karakana moja ya kushona hupokea michoro yake na kukata vitambaa kwa kuifuata.

Kompyuta hiyo haikununuliwa ikiwa nzima. Iliundwa na Ularbek, kaka yake Sirga. Alinunua kipande kimoja kimoja sokoni, mwaka mzima, akaviunganisha mwenyewe hapo sakafuni. Kisha akaenda Urusi kufanya kazi ya ujenzi. Akaanguka kutoka ghorofa ya saba. Alirudi ndani ya sanduku. Hii ilikuwa baridi ya pili tangu azikwe.

Burulcha hakuruhusu mtu kuifungua kompyuta ile. Aliiweka pahali alipoona ni pazuri kuliko pote, kando ya jiko, juu ya zulia nene la sufu. Sirga awe anachora au amemaliza, mama aliifunika kwa kitambaa cha tarizi. Na kila Alhamisi alikaanga maandazi madogo kwenye jiko hilo, ili harufu ya mafuta iwafikie marehemu, kama tunavyofanya sote huku.

Shida ilianza siku ya Jumatatu. Karakana ilitaka michoro ya sare za shule ifikapo Ijumaa.

"Baba, imezimika tena!" Sirga alisema.

"Tena? Si umeiwasha sasa hivi?"

"Hata dakika ishirini hazijafika. Na kola yote imepotea, sikuwa nimeihifadhi."

Satar akaweka kiganja juu ya mashine. Akakiondoa haraka.

"Inaungua! Nje mate yanaganda kabla hayajafika chini, na hii inaungua?"

"Feni inanguruma kama lori linalopanda mlima. Halafu kimya. Halafu giza."

"Imechoka," Burulcha alisema kutoka jikoni. "Iacheni ipumzike. Msiiguse."

Wakaiacha ipumzike. Ikapoa, ikawaka, ikazimika tena. Jumanne ilizimika mara tisa. Jioni msimamizi wa karakana, bibi aitwaye Gulsara, akapiga simu.

"Sirga, mdogo wangu, michoro iko wapi?"

"Kompyuta inanisumbua, dada. Nipe siku mbili zaidi."

"Ninakupenda, lakini kitambaa hakikatwi kwa mapenzi. Ni Ijumaa. Ikipita, kuna mwingine anaisubiri kazi hii."

Jumatano asubuhi Sirga na mama yake walitoka kwenda kununua mkate. Satar alibaki peke yake na ile mashine. Akaitazama. Akasema moyoni: kama ugonjwa ni joto, dawa yake si baridi? Akachomoa nyaya, akaibeba mashine mpaka kibarazani, akaiacha kwenye theluji saa nzima. Ilipokuwa baridi kama jiwe la kaburi, akairudisha karibu na jiko. Akaitia umeme papo hapo.

Kioo kilibaki cheusi. Mashine ikalia mara tatu, pi, pi, pi. Basi.

Sirga alipoingia, alimkuta baba yake amepiga magoti mbele yake, anabonyeza kitufe, anabonyeza, anabonyeza.

"Baba, umefanya nini?"

Akamwambia.

Burulcha aliuweka mkate chini. "Umeiua," alisema polepole. "Umemuua mwanangu mara ya pili."

Satar aliketi kwenye ndoo ya makaa, akaanza kukohoa, na kikohozi hakikwisha upesi.

Sirga alivuka barabara akimkimbilia Venera. Venera ni mama wa miaka hamsini hivi, fundi wa kompyuta wa shule ya sekondari. Ana mikono miepesi na ulimi mkali. Alikuja na mkoba wake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa waya wa umeme ukutani.

"Nani aliyeitoa nje?"

"Mimi," Satar alisema.

"Shemeji, wewe unavaa miwani. Ukitoka kwenye baridi ukaingia ndani, miwani inafanyaje?"

"Inaingia ukungu."

"Ukungu ule ni maji. Sasa mashine nzima imeingia ukungu mpaka tumboni, nawe ukaitia umeme. Lori lako likichemka, ulikuwa unalimwagia barafu kwenye injini?"

"Hapana. Ningeipasua."

"Enhe! Ulikuwa unafanyaje?"

"Nazima. Nangoja ipoe yenyewe. Kisha natafuta kwa nini imechemka. Labda rejeta imeziba. Labda feni haizunguki."

"Basi kumbe unajua," Venera alisema. "Hapa ni hivyo hivyo. Tunaiacha mpaka kesho mchana ikauke, mbali na jiko, bila umeme. Kesho tunaifungua."

"Haifunguliwi," Burulcha alisema.

Alisimama kati ya Venera na mashine.

"Ularbek ndiye aliyezikaza skrubu hizo. Kwa mikono yake. Hakuna mtu mwingine atakayezigusa."

Venera hakutumia ulimi wake mkali. Alikaa sakafuni karibu naye.

"Dada Burulcha, mimi sikulazimishi. Lakini nikwambie ukweli. Mashine inayochemka hujizima ili isiungue. Inaomba msaada. Msipoifungua, itakufa ikiwa imefungwa, na vyote alivyoviacha mwanao humo ndani vitakufa nayo. Fikiria. Mimi nitakuja kesho. Ukisema hapana, nitakunywa chai nirudi kwangu."

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Unga wa maandazi ulikuwa tayari umeumuka chini ya kitambaa. Venera alibisha hodi. Burulcha mwenyewe alimfungulia.

"Ifungue," alisema. "Lakini nami nitakuwepo."

Venera aliweka mashine mezani. Alihakikisha haina waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache, ili umeme uliobaki ndani uishe. Akagusa chuma kitupu cha kasha.

"Kwa nini unagusa hapo?" Sirga aliuliza.

"Mwili wetu hubeba umeme kidogo, hasa ukivaa sweta la sufu. Umeme huo unaweza kuua kipande kidogo bila wewe kusikia chochote. Nikigusa chuma, unaniondoka."

Akalegeza skrubu mbili, akavuta ubavu wa kasha.

Ndani palikuwa peusi. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, kuna kipande cha chuma chenye mapezi membamba na feni. Hicho ndicho kipoza joto. Mapezi yake hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na kitu kizito kama zulia.

Venera alikikwangua kwa ukucha. Akakinusa.

"Masizi ya makaa. Manyoya ya zulia. Na mafuta. Vumbi kavu hupulizwa likaondoka, lakini mafuta yamelishika kama gundi. Mnakaanga nini humu?"

Satar alitazama dirishani. Sirga alitazama miguu yake.

"Maandazi," Burulcha alisema. "Ya mwanangu."

Venera alifuta ukucha wake. Naye ana watu wake makaburini, naye hukaanga.

"Hukufanya kosa kumkumbuka," alisema. "Ila mashine hii huvuta hewa kama sisi. Moshi wa jiko, mvuke wa mafuta, vyote inavivuta. Ukiifunika kwa kitambaa ikiwa inawaka, joto linakosa pa kutokea. Sasa nisaidie. Weka kidole kwenye feni hii ili isizunguke ninapoipuliza. Ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika."

Wakaibeba mpaka kwenye chumba cha viatu mlangoni, ili masizi yasirudi ndani. Burulcha alishika feni kwa kidole kimoja. Venera akapuliza kwa kopo la hewa, akasugua kwa brashi laini na spiriti. Maji meusi yalichuruzika kwenye gazeti. Machozi ya Burulcha nayo yalichuruzika, lakini kidole hakukiondoa.

Kisha Venera akakitoa kipoza joto chenyewe. Chini yake palikuwa na kitu kikavu kama chokaa.

"Hii ni dawa ya kupitishia joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza joto. Ikiwa mpya ni laini kama dawa ya meno. Hii imekauka. Tunaifuta kwa spiriti, tunaweka nyingine, kiasi cha punje ya mchele. Zaidi ya hapo ni uchafu."

Alipofika kwenye feni ya nyuma ya kasha, alisimama. Akaitazama mara mbili. Akamtazama Burulcha.

"Nini?" Burulcha aliuliza.

"Feni ya mbele inaingiza hewa baridi. Ya nyuma inapaswa kutoa hewa moto. Hii ya nyuma nayo inaingiza. Iliwekwa kinyume."

"Na nani?"

Venera aliishusha brashi.

"Mwanangu hakukosea," Burulcha alisema. Sauti yake ilipanda. "Alisoma vitabu! Alikaa hapa usiku na mchana!"

"Mama," Sirga alisema taratibu, "alikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa ya kwanza kuunda."

"Hata mimi ya kwanza niliiweka kinyume," Venera alisema. "Ona, huu upande wenye vyuma vya kuishikilia mota ndio hewa inakotokea. Ni rahisi kusahau. Ameunganisha nyaya zote sawa, dada. Nyaya arobaini. Amekosea feni moja."

Burulcha aliinama, akaitazama feni ile. Kisha alichukua bisibisi mkononi mwa Venera. Skrubu nne za feni ile alizilegeza yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Venera akaigeuza, Burulcha akazikaza tena.

Venera alikirudisha kipoza joto, akaitia mashine umeme, lakini bado ilikuwa inalia pi, pi, pi. Venera alieleza kwamba mlio ule ni lugha. Mlio wa namna ile katika ubao mkuu wa mashine hii ulimaanisha kuna shida kwenye memori, mahali mashine inaposhikilia kazi inayoifanya. Aling'oa tena waya wa umeme, akachomoa vijiti viwili vya memori, akasugua kwa kifutio cha penseli meno ya rangi ya dhahabu yaliyo kwenye vijiti hivyo, akavijaribu kimoja kimoja. Kimoja kiliwasha mashine. Cha pili hakikuamka tena. Maji yalikuwa yamekimaliza.

"Nenda nacho sokoni," alimwambia Satar. "Usiseme tu 'nipe memori'. Waonyeshe hiki, uchukue ya aina ile ile, lakini kubwa zaidi. Michoro ya binti yako imekuwa mizito. Na ulete diski mpya ya kuhifadhia kazi, ile isiyozunguka. Hii ya zamani inakwaruza. Kuzimika ghafla mara nyingi kumeijeruhi."

Satar alivaa kofia yake, akaondoka bila kuvaa glavu. Aliporudi, Venera alifunga vile vipande, akafungua ukurasa unaoonyesha joto la prosesa.

"Arobaini na moja," Sirga alisoma. Alipochora kwa nusu saa, ilifika sitini na tatu, ikatulia hapo. Venera alishika karatasi nyembamba nyuma ya kasha. Karatasi ikasukumwa nje. Hewa moto ilikuwa inatoka.

Kisha wakahamisha vilivyokuwemo kwenye diski ya zamani. Picha zilihama. Michoro ilihama. Video tatu hazikufunguka. Katika mojawapo Ularbek alikuwa kwenye chumba cha wajenzi, akimsalimia mama yake.

"Jaribu tena," Burulcha alisema.

Venera alijaribu mara nne. "Imekwenda, dada. Mngekuwa na nakala mahali pengine, ingebaki. Kuanzia leo kila kitu wekeni mara mbili."

Burulcha aliitika kwa kichwa. Akachukua karai la unga, akatoka nalo kwenda jiko la uani. Jioni ile alikaanga maandazi nje, kwenye baridi, akiwa amevaa koti la mumewe.

Ijumaa Sirga alifikisha nusu ya michoro. Gulsara alimpa mwingine nusu iliyobaki. Kazi hiyo haikurudi. Lakini iliyofuata ilikuja, na iliyofuata tena, na mashine haikuzimika hata mara moja. Sasa inakaa juu ya kigoda, upande wa pili wa chumba, mbali na jiko na zulia, na nyuma yake pana nafasi ya kiganja kizima kutoka ukutani. Kila mwezi inafunguliwa na kusafishwa.

Mwezi wa pili mama mmoja mgeni mtaani, jina lake Mairam, alikuja kumtafuta Venera. Kompyuta wanayosomea wanawe ilikuwa inazimika hovyo. Venera alikuwa kazini. Burulcha alichukua brashi, akaenda yeye.

"Ichomoe kwanza," alimwambia. "Usiitoe nje kwenye theluji. Shika tochi."

Akafungua ubavu wa kasha, akachungulia.

"Nani alikufundisha mambo haya, mama?" Mairam aliuliza.

"Mwanangu aliunda moja. Fundi mzuri. Ila feni ya nyuma aliiweka kinyume."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Amekufa," Burulcha alisema. "Alianguka kazini. Inua tochi, mwanangu, sioni."