Kandili Zilizofumuka Tanurini

Kila Alhamisi mchana, wanafunzi wa Gredi ya Nane katika shule moja ya Malindi huvaa aproni na kuingia karakana. Muhula huu, Pola na Zayd walitengeneza kandili za shaba za kutundikwa katika maktaba mpya. Zayd alikata shaba, Pola akalehemu viungo. Kisha kandili zikapelekwa kwa Fundi Badawi azipake rangi ya unga, ambayo huokwa tanurini mpaka ishike.

Zilirudi ndani ya gunia, vipande vipande.

"Nani alilehemu?" aliuliza Mwalimu Kahaso.

"Pola," akajibu Zayd, macho chini.

"Umelipua kazi, Pola. Hutaingia karakana mpaka nikuite."

Wenzake wakacheka. Pola alikasirika. Kila kiungo alikisafisha, akakivuta kwa nguvu, na hakikutikisika. Mbona hakuna aliyemuuliza hata neno moja? Akaokota kipande kimoja na kukitazama. Lehemu ilikuwa imetiririka na kuganda kama nta.

"Samahani, Mwalimu, lakini sikubali," alisema. "Kazi ya kulipua huachana. Hii imeyeyuka. Nionyeshe kosa langu kwanza, ndipo uniadhibu."

Mwalimu Kahaso alikigeuzageuza kile kipande. Kisha akawachukua wote wawili hadi kwa fundi.

"Shikamoo, Fundi," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mlitumia waya gani?"

Pola akamwonyesha.

"Huu ni waya laini wa kutengenezea redio," alisema Badawi. "Tanuri langu hufika nyuzi mia mbili. Huu huyeyuka kabla ya hapo. Nilimwambia kijana aliyekuja kuniuliza achukue lehemu ya fedha, inayoyeyushwa kwa moto wa gesi. Lehemu hiyo haiyeyuki tanurini."

"Kijana yupi?" aliuliza Mwalimu.

Badawi akamtazama Zayd.

"Ni mimi," Zayd alisema polepole. "Ingetubidi tungoje mtungi wa gesi, nami nilitaka tuwe wa kwanza kumaliza. Nikampa Pola huu, nikamwambia ndio uliosemwa na fundi."

"Kisha ukaniacha nichekwe," alisema Pola. "Nikafukuzwa, na wewe umesimama pale pale, kimya."

Gesi ilipoletwa, Pola alilehemu upya kwa lehemu ya fedha, Mwalimu akiwa kando yake. Safari hii kandili zilitoka tanurini zimeshikana imara, rangi ikimetameta. Zayd alisimama mbele ya darasa akaeleza alichofanya. Hakuna aliyecheka.

"Kabla ya kuchagua lehemu," Mwalimu Kahaso aliwaambia, "ulizeni kazi yenyewe itapitia joto gani baadaye. Zayd aliambiwa hilo, akalificha ili awahi, na mwenzake akabeba lawama. Nami nilihukumu kabla ya kuuliza. Ukweli ungetafutwa tangu mwanzo, Pola asingedhulumiwa. Pola, nisamehe."

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema Pola.

Kumsamehe Zayd kulimchukua muda zaidi.