Zima Hilo Dude Uje Ule

Mtambosikizi wa Lebo ya Kilele haukuwa na skrini wala taa za kumetameta. Ulikuwa kabati la chuma tu, refu kama mlango, ghorofa ya juu ya jengo la lebo pale Msamvu, Morogoro, na ndani yake mlikuwa na masikio bandia elfu kumi. Si masikio ya nyama, jamani, msije mkaota vibaya. Kila sikio lilikuwa akili unde ndogo iliyolelewa kupenda muziki kama mtu fulani. Lilikuwapo sikio la mchoma mahindi, la bwana harusi, la mama aliyechoka, la mtu aliyeachwa jana. Prodyuza akituma demo, masikio yote huisikiliza kwa pamoja na kupiga kura, na jibu hurudi kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe.

Jibu lenyewe sasa! "Asante kwa kazi yako. Haijafika." Basi. Hata salamu hakuna.

Shomari Mkude alikuwa amelipata jibu hilo mpaka likaacha kumuuma. Zamani alikuwa akitukana, anatupa vifaa vya masikioni, kisha anainama kuviokota. Tangu mama yake afariki, matusi yalikwisha. Alitengeneza biti, akatuma, akakataliwa, akanywa chai. Mtu akimwuliza hali, alijibu "nzuri". Ndani mlikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Kila demo yake ilianza na sahihi. Maprodyuza wote wanayo, ile sauti fupi kabla ngoma haijaingia, ili watu wajue mpishi ni nani. Wengine hujitaja majina kwa mbwembwe. Sahihi ya Shomari ilikuwa sauti ya marehemu mama yake, Bi Mwantumu, iliyonaswa kwa bahati siku alipofungua mlango wa chumba cha studio huku kipaza sauti kikiwa wazi: "Shomari! Zima hilo dude uje ule." Bi Mwantumu alikuwa hataki kabisa kurekodiwa. Picha zake zilijaa ukutani, lakini sauti ilibaki hiyo moja.

Halafu siku moja jibu likaja refu.

"Wimbo huu umefika," ulisema mtambosikizi, kwa sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke. "Ila mwanzoni kuna maneno. Masikio yote yanasimama pale, wimbo unapita bila kusikilizwa. Yaondoe, tuutoe Ijumaa."

"Ile ni sahihi yangu."

"Tunaijua. Imo katika kila demo uliyotuma. Tunaomba pia idhini. Sauti zote ulizowahi kututumia, zilizofika na zisizofika, ziwe mali ya lebo, na mtambo ujifunze kwazo."

Shomari akafikiria ngoma zake, makofi yake, besi zake zilizokataliwa. Waache wachukue, zilikuwa zinamlalia bure. Sahihi hakuifikiria. Prodyuza gani angeifikiria? Sahihi si wimbo. Ni kama jina ulilochora kwenye ndoo, na nani akiuza ndoo hudhani ameuza na jina?

"Idhini nimetoa," akasema. Akaikata sauti ya mama.

Dada yake mkubwa, Pili, aliposikia wimbo umeanza kavukavu, aliweka chini ungo wa mchele.

"Mama umemtoa?"

"Nimemtoa kwenye wimbo tu, dada. Kwenye mashine yangu yupo."

"Na moyo wako umeridhika?"

"Sijui. Sisikii kitu."

"Makubwa!" Pili akatikisa kichwa. "Umekuwa gogo, mdogo wangu. Ungelia hata kidogo, ningejua bado nina ndugu."

Wimbo ukashika mji. Ulipigwa kwenye treni za angani, kwenye harusi, kwenye magari yasiyo na dereva. Kinyozi aliuongeza sauti huku akimnyoa Shomari mwenyewe, asijue anamnyoa nani. Shomari akapigwa poda, akaenda zake.

Mchana mmoja Pili aliingia anahema, kanga inaburuzika.

"Shomari, nimeitwa na mama."

"Dada..."

"Usinidadie! Pale mgahawa mpya wa stendi. Napita zangu, nasikia, 'Pili! Zima hilo dude uje ule.' Nikaitika abee. Mbele za watu, abee! Ndipo nikakumbuka tulimzika."

Mlangoni mwa mgahawa ule walikuwa wamefunga mwitaji, kifaa kidogo kinachotambua uso wa mpita njia, kikajua jina lake, kikamwita. Sauti walikuwa wameinunua kwa lebo, ambayo mtambo wake ulishajifunza kuita jina lolote kwa sauti ile. Shomari akawasiliana na mtambosikizi palepale.

"Hiyo ni sauti ya mama yangu. Irudisheni."

"Tulikueleza masikio yote yanasimama pale," ulijibu mtambo, bila haraka. "Hata sikio la mchoma mahindi. Hata la aliyeachwa jana. Yalitaka kwenda kula. Hatujapata sauti nyingine ya namna hiyo. Idhini ulitoa."

Shomari akaisubiri hasira ije. Haikuja. Akavaa viatu, akatoka, Pili akimwuliza anakwenda wapi.

Stendi ilikuwa imejaa watu wenye mabegi. Alipokaribia mlango, kifaa kikageuka.

"Shomari! Zima hilo dude uje ule."

"Naam, mama," akaitika, mdomo ukiwa umemtangulia.

Nyuma yake kifaa kikamwita mwanamume mmoja, Kobelo, naye akaitika naam, akacheka kwa aibu. Kikamwita msichana, Asumini, akasimama ghafla kana kwamba ameshikwa bega. Wote waliingia, wakaketi, wakaletewa wali na maharage. Shomari akala. Chumvi ilikuwa pungufu. Mama yake alikuwa akizidisha, na wao walikuwa wakilalamika kila siku. Hapo ndipo ganzi ilipoanza kuachia, ikamchoma kama mguu unaporudiwa na damu, machozi yakadondokea sahani, na jirani yake akamsogezea maji bila kuuliza.

Alipotoka hakuelekea nyumbani. Alizunguka jengo, akarudi barabarani, akapita tena mbele ya mlango, taratibu, uso ameuinua ili mashine imwone vizuri. Alikuwa ameshiba kabisa.

"Shomari!"

"Naam," akaitika.