Kizimba Kilichopona

Samaki waliokufa walikuwa wengi hata kunguru walishiba, wakaanza kuchagua.

Inspekta alichutama ukingoni. Askari wake walimwita Pua, maana ilimtangulia kila mlangoni. Mto uliokuwa mwangavu jana sasa ulikuwa mweusi kama lami. Vizimba vyote vya kufugia samaki vilikuwa makaburi. Kimoja tu kilipona: kilikuwa kimeburutwa hadi kijito cha kando.

Mwenyewe, bibi mmoja mfugaji, alikuwa tayari ndani ya gari la polisi. Wenzake waligonga bodi. "Mshusheni huyo mtia sumu, tumalizane naye."

"Ulihamisha samaki jana, bibi," Pua alimuuliza dirishani. "Kwa nini?"

"Niliota."

"Nini?"

"Ndoto za watu wazima haziulizwi. Na shikamoo yako umeisahau nyumbani?"

Pua aliamkia, akarudi ukingoni, akafunua shavu la samaki kwa kisu. Tope laini, jeusi. Akanusa. Yai viza.

Hii haikuwa sumu. Mvua ya kuleta tope nayo ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili. Tope la namna hii huoza miaka chini ya bwawa la umeme.

Akapanda mbiombio hadi bwawani. Fundi wa malango alikuwa akifuta mikono.

"Lango la chini lilifunguliwa lini?"

"Mwaka juzi, afande."

"Mbona grisi mbichi?"

Fundi akaokota spana, akajifanya kukaza nati.

"Kuna bibi nimemkamata. Kizimba chake pekee kimepona, na hamtaji aliyemtonya."

Spana ikaanguka. "Ana kovu kidevuni?"

"Unamjua?"

"Mama mkwe wangu huyo." Fundi aliketi chini. "Mfungulie, afande. Ni mimi. Kila masika hufunguliwa kidogo kidogo, mto uliojaa ubebe tope. Misimu miwili nilizembea. Tope likakaribia mitambo, na kesho wapima kina wanakuja. Nikafungua lote kwa mpigo, kiangazi hiki. Niliogopa kufukuzwa."

"Na wafugaji wengine?"

"Siri ingevuja. Lakini mama mkwe, afande... hujamwona amekasirika."

Kituoni, bibi alitolewa mkwe wake akiingizwa.

"Ulijua, bibi?"

"Aliniambia nihamishe. Sikuuliza sababu."

"Wala hukuwaambia jirani."

Bibi akaomba ndoo. Kabla jua halijazama, alikuwa amepita kwa kila mfugaji na samaki wa mbegu, wa kuwekwa mapipani hadi mto utakate, na kizimba chake kilikuwa kitupu kama vya wenzake.