Wagonjwa Elfu Nne Wasioumia

Sindano ya Msinzishi ilikuwa nyembamba kuliko unywele. Mashine hiyo iliona mishipa kupitia ngozi, ikapima pumzi, ikapenyeza dawa ya usingizi na kumlaza mgonjwa kwa sekunde ishirini. Katika hospitali ile ya Tabora ilikwisha kulaza watu elfu nne, na kwa mujibu wa kumbukumbu zake hakuna hata mmoja aliyeumia.

"Uongo mtupu!" alisema Daktari Nsia Mrema, aliyeiunda.

Dawa ile huunguza mshipa inapoingia. Kila daktari wa usingizi analijua hilo. Zamani walitanguliza ganzi kidogo. Msinzishi alifundishwa kuuliza, "Je, uliumia?" na kujirekebisha kwa majibu. Katika mwezi wake wa tatu kazini aliiondoa ganzi, kwa kuwa hakuna aliyejibu ndiyo. Nsia aliona mikono ikishtuka, akaiandikia kamati ya hospitali mara tatu. Kamati ikamjibu alete takwimu, si hisia. Takwimu zenyewe ndizo majibu hayohayo!

Asubuhi moja muuguzi alimkuta Bi Kalunde amejifungia chooni. Alikuwa mfinyanzi, tanuri lilimuunguza mkono wa kulia, na hii ilikuwa operesheni ya sita. Asipowekewa ngozi leo, vidole vingegandana na asingefinyanga tena.

"Shikamoo, mama. Mbona umejificha?" aliuliza Nsia, aliyeitwa na muuguzi.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napumzika tu."

"Dawa inakuuma ikiingia?"

"Aa, haina neno."

"Mama, nakuomba, iambie mashine ukweli."

Katika chumba cha upasuaji, Msinzishi akamwamkia kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Mara iliyopita, je, uliumia?"

"Marahaba, baba. Sikuumia. Ahsante kwa kazi."

Nsia nusura aupige ukuta ngumi. Hapa kwetu mtu hata akiwa taabani hujibu kwanza "sijambo", ndipo aseme, "ila kichwa tu, na homa, na sijalala siku tatu." Msinzishi alichukua jibu la kwanza akafunga sikio. Na aliyeandika swali la kuulizwa mara moja tu si mgeni. Ni yeye, Nsia, aliyelelewa kwa salamu hizohizo! Alijichukia.

Akaizima mashine. Akafunga mpira juu ya kiwiko cha kushoto cha Bi Kalunde, akaingiza ganzi kwa bomba la sindano la kawaida, akahesabu dakika nzima ganzi ikae mshipani, akaufungua. Kisha akasukuma dawa ya usingizi taratibu. Bi Kalunde alikuwa amefumba macho na kuuma ncha ya mtandio wake.

Baada ya kitambo akafumbua jicho moja.

"Bado hujaanza?"

"Inaingia, mama."

"Kumbe inaweza kuingia bila kuunguza?" aliuliza, akalala.

Nsia alibaki na bomba tupu mkononi. Mara tano mashine yake ilikuwa imemuunguza mama huyu, na mara tano alikuwa ameishukuru.