Ha ya Kooni

Firmin alikanyaga kitenge cha watu sokoni Kikula, kipya, kimetandazwa chini kwa mauzo. Mwenye kukiuza alikuwa Hortense, mwanafunzi wa chuo kikuu Lubumbashi aliyerudi likizo kumsaidia mama yake. Gauni lake la njano lilimpendeza hata akinuna.

"Pardon, mademoiselle."

"Pardon inafulaka kitambaa, inatosha matope?"

Firmin alikinunua. Katika kulipa akajieleza: alisoma Khartoum, na likizo ile ya mwaka 1970 alikuwa akiwafundisha Kiarabu wanafunzi waliotaka kwenda kusoma Cairo. Kesho yake Hortense alikuwa wa kwanza darasani.

Firmin alikuwa mwalimu mkali mwenye moyo mzuri. "Musiogope. Ile ha inatoka mu koo, kama unapuliza kioo. Rudilia." Walirudia hata mara kumi. Zamu ya Hortense ikafika. Badala ya habibi, akasema, "Abibi."

"Bibi ya nani?"

"Ya ule mwenye kunifundisha muzuri."

Darasa likacheka, naye Firmin akaisha kwa mapenzi. Tangu siku ile wenzake Hortense aliwasahihisha, lakini yeye akamwacha na "abibi" yake, kwa sababu alipenda kulisikia lile neno bibi, na kwa sababu Cairo ni mbali. Kila jioni, wakitembea mkono kwa mkono, alimwambia, "Iko bien, chérie." Masikini, alimpenda kweli.

Septemba Hortense alipiga simu kutoka Lubumbashi.

"Bananikatala, Firmin. Muzee wa examen ya kwenda Cairo anasema Kiarabu yangu haina ha hata moja. Weye haukusikia?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Firmin iliishia hapo.

"Nilisikia."

Simu ikakatwa.

Jumamosi Firmin alimngojea kwenye stesheni ya gari moshi, suti imepigwa pasi, pete mfukoni. Hortense alishuka na sanduku lake, macho yamevimba.

"Nilikuwa na boba ya kukupoteza," Firmin alisema. "Ungeenda, haungerudia. Unisamehe. Tuoane, Hortense."

Akaitoa pete, naye Hortense akaitazama. Aliipenda, na hilo ndilo lililomuuma.

"Siku moja mbele ya examen nilikuuliza: niende, ao nibakie na weye? Ukaniambia: enda, uko tayari."

"Ndiyo."

"Kama ulisema bakia, Firmin, miye ningebakia."